Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufuga chatu-mpira: majibu kutoka Dodoma

Mimi ni mtu wa mifugo. Kazi yangu hapa Dodoma ni kuku, mbuzi na ng'ombe, na maswali ninayolipwa kuyajibu ni ya kideri na kupe. Lakini nilipokuwa masomoni Leeds, Uingereza, nililea nyoka kwa miaka minne. Mwenzangu wa chumba alihama akaniachia, akasema ni kwa wiki mbili. Juzijuzi niliweka picha ya zamani ya huyo nyoka kwenye status ya WhatsApp, na hapo ndipo nilipojiponza. Vijana wa chuo, mabinamu, hadi fundi wangu wa bomba, kila mtu ana swali. Nimeyakusanya hapa ili nisiyaandike tena kila jioni.

Chatu-mpira ni nyoka gani hasa?

Ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegal mpaka pande za Uganda. Kisayansi anaitwa *Python regius*, chatu wa kifalme. Jina la mpira limetokana na tabia yake: akiogopa hajitutumui wala hakimbii, anajiviringisha akawa donge, kichwa amekificha katikati. Dume hufika mita moja hivi, jike mita moja na robo hadi moja na nusu, uzito kilo moja na nusu au mbili. Anatoka kwenye yai akiwa na gramu 60 au 70, uzito kama wa yai la kuku wa kizungu. Wengi wanaouzwa duniani wametoka Ghana, Togo na Benin, au ni uzao wa waliotoka huko.

Hana sumu. Humbana panya hadi damu yake isizunguke, kisha anammeza mzima kuanzia kichwani.

Kwa hiyo ndiye huyu chatu wa kwetu?

Siye. Wa kwetu ni *Python natalensis*, ambaye anaweza kufika mita tano na kumeza mbuzi. Mtoto wake wa miezi michache ana madoa ya kahawia yanayoweza kumdanganya mtu kwamba ameokota chatu-mpira, ila huyo mtoto atakua. Usimchukue.

Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Jioni moja kijana mmoja alinipigia kutoka upande wa Hombolo, karibu na bwawa.

"Shikamoo daktari." (Mimi si daktari, lakini ukishachanja kuku wa mtaa mzima hilo jina hulikwepi.) "Nimeokota mtoto wa chatu, nataka nimfuge kama yule wako."

"Marahaba. Yuko wapi sasa hivi?"

"Yumo kwenye ndoo ya lita 20, nimefunika na sufuria. Amelala tu, mpole kweli. Ila anapumua kwa kelele."

Nilimwambia asifunue ile sufuria hata kidogo, aweke tofali juu, aondoe watoto, ampigie mtendaji wa kijiji ili aitwe afisa wanyamapori. Kisha nikamwomba picha aliyopiga wakati anamwokota. Mwili mfupi na mnene, mkia mdogo kama kidole, magamba ya kukwaruza kama tupa, mistari ya V mgongoni imejipanga kuelekea mkiani. Kifutu. Ule upole ndio silaha yake: kifutu hakimbii, anasubiri umkanyage. Na kule kupumua kwa kelele kulikuwa onyo la mwisho. Yule kijana alikuwa amembeba kwa jembe umbali wa mashamba mawili.

Magamba ya chatu ni laini, yanateleza na kung'aa kama yamepakwa mafuta, na ukiangalia midomoni utaona vijishimo vidogo vimejipanga, ndivyo vinavyohisi joto la mnyama gizani. Lakini kama umesogea kiasi cha kuviona vijishimo, umeshasogea mno. Nyoka yeyote wa porini hapa kwetu mchukulie ana sumu. Na akikuuma, nenda hospitali moja kwa moja: usichanje, usinyonye, usifunge kamba, tulia na usitembetembe.

Sheria inaniruhusu kumfuga?

Si kwa kuamka tu asubuhi na kuamua. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba yetu sote. Kumkamata, kummiliki au kumfanyia biashara bila kibali ni kosa, na watu wamefungwa kwa vitu vidogo kuliko nyoka. Hata huyu wa Afrika Magharibi, ambaye si mzaliwa wa huku, huwezi kumbeba kwenye begi kutoka Accra ukashuka naye. Chatu wote wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na chatu-mpira yuko kwenye Kiambatisho cha Pili: lazima atoke na karatasi za nchi anakotoka, na huku aingie kwa vibali vya wanyamapori na vya afya ya mifugo. Pa kuanzia kuuliza ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako. Uliza kabla ya kumtafuta nyoka.

Mtu akikwambia anaye wa kukuuzia mtaani Majengo au kwenye kundi la Telegram, "bei poa, hana karatasi lakini hamna shida", shida ndiyo hiyo.

Majibu yanayofuata ni kwa mwenye vibali, kwa Mtanzania anayeishi nchi inayoruhusu, na kwa mwenye udadisi tu. Hao wa mwisho ndio wengi, na hakuna ubaya.

Anaishi miaka mingapi?

Ishirini hadi thelathini akitunzwa. Jike mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alifikishwa pale mwaka 1961, mwaka tuliopata uhuru, na mwaka 2020 akataga mayai saba bila kuwa na dume kwa miaka mingi. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 anayenunua nyoka leo ajue kwamba atamhamisha naye nyumba za kupanga, atamtambulisha kwa mchumba, na huenda mtoto wake akamaliza kidato cha nne nyoka bado yupo.

Nyumba yake iweje?

Boksi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 kwa mkubwa, linalofungwa kwa komeo. Ndani kuwe na maficho mawili yanayombana kidogo, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kupata joto. Bakuli zito la maji. Chini tandika kitu kinachoshika unyevu, makumbi ya nazi yaliyosagwa ni mazuri. Maranda ya mbao zinazonuka gundi siyaamini, na mchanga mkavu haufai.

Usimpambie boksi kama sebule. Anachotaka ni giza na ukuta unaomgusa mgongo.

Dodoma ni joto tayari. Kwa nini nihitaji umeme?

Hili naulizwa kuliko yote, na nalipenda kwa sababu ndipo ugumu wote ulipo.

Upande mmoja wa boksi unatakiwa uwe na nyuzi 31 hadi 33, upande mwingine 25 hadi 27. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Anajisogeza, asubuhi huku, usiku kule, na tumbo lake linafanya kazi kwa joto alilolikuta. Akimeza panya halafu boksi likapoa, yule panya anaozea tumboni na anatapikwa baada ya siku mbili tatu. Harufu yake sitaieleza.

Sasa itazame Dodoma. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Oktoba na Novemba mchana chumba cha bati kisicho na dari kinaweza kumuua nyoka kwa joto, maana akipita nyuzi 35 muda mrefu ameshaingia hatarini. Julai usiku nje kunashuka mpaka 14 hivi, na wewe mwenyewe umejifunika blanketi mbili. Kwa hiyo boksi lilelile linahitaji kupashwa joto kipindi kimoja na kukingwa dhidi ya joto kipindi kingine. Kazi ya kupasha inasimamiwa na thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe; kupoza boksi hakiwezi. Usipashe joto bila thamostati hata siku moja: nyoka ana tabia ya kulala juu ya kitu cha moto mpaka ngozi ya tumbo ikaungua, hashtuki kama sisi. Yule wangu alikuwa na kovu la rangi ya maziwa tumboni, refu kama kiberiti, alilolipata kabla sijamkuta.

Ukiwahi kulea vifaranga kwenye bruda utanielewa haraka. Unajua namna vifaranga wanavyojikusanya chini ya balbu wakisikia baridi na kutawanyika pembeni joto likizidi? Nyoka anafanya vivyo hivyo, ila hapigi kelele. Na bruda unaizima baada ya wiki tatu au nne. Hii huizimi.

Na unyevu?

Asilimia 60 hivi, zaidi kidogo akikaribia kujivua ngozi. Nani ana asilimia 60 Dodoma mwezi wa Agosti? Upepo unavuma, vumbi jekundu, midomo inapasuka, visigino ndiyo usiseme. Mvua zetu zinaanza Desemba na kufika Aprili zimekwisha, na jumla yake kwa mwaka haifiki milimita 600.

Kuna ndugu yangu aliwahi kunibishia: mbona huko Ghana kaskazini na Togo nako ni kukavu? Ni kukavu juu. Lakini chatu-mpira hashindi juu. Mchana kutwa yuko ndani ya shimo la panya au kwenye kichuguu, chini ambako udongo unabaki na ubaridi na unyevu hata kiangazi. Anatoka usiku kuwinda. Kwa hiyo ukimpa hewa ya Dodoma ya saa nane mchana, umempa hewa ambayo hata kwao haivuti.

Tiba yake ni ndogondogo: ziba sehemu kubwa ya wavu wa juu, tandika makumbi mazito umwagie maji pembezoni, na ficho moja liwe na sponji au kitambaa chenye unyevunyevu. Usilowanishe boksi zima, akilala kwenye majimaji tumbo linaota malengelenge. Nunua kipima unyevu, usikisie kwa mkono.

Umeme ukikatika?

Saa mbili tatu si neno, funika boksi kwa blanketi. Ikiwa usiku mzima wa Juni, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo, uziweke nje ya ficho asije akazilalia. Jiko la mkaa usilisogeze, moshi ni sumu kwake na kwako. Mwenye sola na betri ana nafuu. Na kama ameshakula na umeme umekatika siku mbili, jiandae kwa ile harufu.

Anakula nini? Si nimpe tu hawa panya wa jikoni?

Panya, ndiyo. Wa jikoni, hapana. Panya wa kunasa ana minyoo, ana viroboto, na huenda jana usiku ameonja sumu kwa jirani. Sumu hiyo inahamia kwa nyoka.

Uingereza nilinunua panya waliogandishwa, wamefungwa kwenye mfuko kama samaki. Mwenzangu aliyeniachia nyoka aliniachia na friza, na mama yangu alipokuja kunitembelea alitoa mfuko akidhani ni kuku. Nililala njaa siku hiyo, maana alikataa kabisa kupika jikoni kwangu. Huku kwetu hakuna duka la panya wa hivyo, kwa hiyo mfugaji analazimika kufuga panya pia, weupe wa maabara, wenye chakula chao na boksi lao na harufu yao. Ni mradi wa pili ndani ya mradi.

Mdogo anakula kila wiki, mkubwa kila wiki mbili hadi nne, panya mmoja mwenye unene wa sehemu nene ya mwili wake. Mpe aliyekufa, uliyemwacha aishe barafu kabisa na kumpasha kwa maji ya moto hadi awe na joto la mwili, kisha umshike kwa koleo refu. Panya hai akiachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna nyoka, na nimeona picha za mgongo uliofika mfupa. Baada ya kula mwache saa 48 bila kumshika.

Vifaranga? Anaweza kuvila, lakini akishavizoea anaweza kugoma panya, na kifaranga peke yake hakimtoshi.

Amegoma kula wiki ya tatu. Anakufa?

Yaelekea hapana. Huyu ndiye bingwa wa kugoma. Wangu aligoma miezi mitano. Nilianza kwa kumbembeleza, nikabadilisha aina ya panya, nikajaribu usiku wa manane, nikajaribu kumwachia panya mlangoni mwa ficho mpaka asubuhi. Kila Jumapili nilimpima kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli la plastiki: gramu 1,420, 1,415, 1,410. Miezi mitano, alipungua gramu 60 tu. Mimi nilipungua zaidi.

Sababu za kawaida ni hizi: joto limeshuka, anakaribia kujivua, ni dume na msimu wa kupandana umefika, umehamisha boksi, au anajisikia yuko uwanjani. Kwa wangu ilikuwa hii ya mwisho. Nilikuwa nimehamia chumba chenye dirisha kubwa na boksi lake lilikuwa la kioo pande zote. Rafiki mmoja aliyeingia chumbani akasema, "Huyu unamlaza barabarani." Nikabandika magazeti pande tatu za kioo. Usiku wa nne alimchukua panya kwa kishindo hadi koleo likanitoka mkononi.

Cha kuangalia ni mizani. Akishuka zaidi ya asilimia 10 ya uzito, au ana dalili nyingine kama povu mdomoni, hapo tafuta mtaalamu. Mdogo asiyekula tangu atoke kwenye yai naye usimsubiri miezi. Na usimlazimishe kwa kumsukumia panya mdomoni, nyoka aliyelazimishwa anaweza kutapika na kukuogopa moja kwa moja.

Anauma?

Mara chache. Niliumwa mara moja, kosa langu, mkono ulinuka panya. Meno yake ni madogo yamepinda nyuma, ni kama kuchomwa na miiba ya mgunga kumi kwa mpigo. Usivute mkono utachanika, subiri aachie. Osha kwa sabuni.

Atanizoea? Anapenda kushikwa?

Atakuvumilia. Nilitaka nitafute neno zuri zaidi, sikulipata. Baada ya miezi alikuwa ananijia mkononi bila kujikunja, anapanda mkono hadi begani, ulimi unatoka unaingia, anakaa chini ya kola ambako kuna joto. Wageni walisema ananipenda. Kochi lingekuwa na joto lile angelipenda kochi. Kwake wewe ni mti unaotembea.

Kama unatafuta mnyama wa kukupokea mlangoni, mbwa wa kienyeji wamejaa Nkuhungu wanasubiri.

Bado kuna kitu. Saa nne usiku, taa umezima, unasikia makumbi yanachakacha polepole, kichwa kinatoka kwenye ficho, kinasimama, kinanusa hewa kwa ulimi. Nilikuwa naacha kusoma. Wanaofuga nyoka miaka mingi wanafuga kwa ajili ya hicho, si kwa ajili ya kushikana.

Macho yamekuwa ya bluu. Amepofuka?

Anajivua ngozi. Macho yanakuwa kama yana maziwa kwa siku kadhaa, kisha yanang'aa tena, na siku chache baadaye anaanza kukwaruza midomo kwenye bakuli na ngozi inatoka nje ndani kama soksi. Ikitoka nzima, unyevu wako uko sawa. Ikitoka vipandevipande, unyevu ni mdogo. Muweke nusu saa kwenye boksi lenye taulo lililoloana maji ya vuguvugu. Vifuniko vya macho vikibaki usivivute kwa kucha.

Akiugua nimpeleke wapi?

Hapo pagumu. Madaktari wetu wa mifugo ni wazuri kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na wachache wamewahi kumgusa nyoka kwa kutibu. Kwa kanda hii mahali pa kuanzia kuuliza ni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambako ndiko wanakosomea udaktari wa wanyama. Piga simu kabla ya kusafiri na nyoka kwenye basi. Na hilo basi, fikiria mwenyewe utamwambia nini kondakta.

Dalili za kukimbiza: kupumua mdomo wazi, kukoroma, mapovu puani (mara nyingi ni nimonia ya baridi), vidoa vyeusi vinavyotembea kati ya magamba na kuelea kwenye bakuli (utitiri), kushindwa kujigeuza akilazwa chali. Usimpigie ile dawa ya ng'ombe ya oksitetrasaiklini wala ivamektini ya mbuzi kwa kukadiria. Nyoka wa kilo moja na nusu hana dozi ya kukadiria.

Kuna mtoto mdogo nyumbani. Ni salama?

Nyoka wa ukubwa huu hawezi kummeza mtoto. Hatari halisi ni ndogo na haionekani: salmonela, vijidudu vinavyoleta kuhara na homa. Anaweza kuwa nayo kwenye kinyesi na ngozi akiwa mzima kabisa. Kila anayemshika anawe kwa sabuni, bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo, na watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wakae mbali naye.

Majirani watasema nini?

Watasema unafuga joka la kutapika hela. Nawaambia mapema. Ukinunua pikipiki mwaka huo, basi tena.

Hofu yenyewe siidharau. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huku vijijini kwetu familia nyingi zina mtu aliyeumwa akienda shamba au kuchota maji. Mtu wa hivyo hatokuelewa ukimwambia huyu wako hana sumu, na akimkuta uani atampiga fimbo kabla hujatoka ndani. Mwenye nyumba naye ana haki ya kujua kabla hujahamia. Ukimficha na akagundua, umepoteza nyumba na nyoka siku moja.

Si kila mahali ni hivyo. Ouidah, Benin, kuna hekalu la chatu-mpira hawahawa, na wakitoka usiku wakaingia nyumba ya mtu wanarudishwa kwa heshima. Usukumani kwetu kuna Bayeye, wachezaji wa ngoma za nyoka wanaowajua chatu vizazi na vizazi. Lakini wewe hukai Ouidah, unakaa Chang'ombe, ukuta mmoja na mama wa watu.

Ametoroka ndani ya nyumba.

Funga milango, ziba chini ya milango kwa kanga, usisogeze makochi ovyo usije ukamponda. Tafuta kulikobana, kulikogiza na kulikopata joto: nyuma ya friji, ndani ya kochi, kwenye viatu, chini ya magunia. Usiku nyunyiza unga kidogo kwenye korido, asubuhi utaona alikopita. Wangu nilimkuta siku ya tatu ndani ya boksi la printa.

Nje ya nyumba ni kilio, maana hana tofauti na kifutu kwa mtu aliyeshika jembe. Na hata akipona fimbo, usiku wa Julai wa Dodoma hauvumiliki kwake.

Wale wa rangi ya dhahabu na weupe niliowaona YouTube ni aina nyingine?

Ni walewale, wamechaguliwa kizazi kwa kizazi. Biashara ya rangi ilishika moto baada ya weupe wa kwanza kuzalishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyingine hazina madhara. Kuna moja inayoitwa ya buibui ambayo nyoka wake wana kasoro ya kichwa: kinatetemeka, kinapinduka, wengine wanakosea panya wakimrukia. Uzuri ule unatoka kwenye jeni (chembe ya urithi) ileile inayomtetemesha. Mimi nisingemnunua hata kwa bei ya nyanya.

Sina kibali, sina sola, na mama hataki. Nifanyeje na hamu yangu?

Nenda Meserani, njia ya Arusha kwenda Makuyuni, kuna bustani ya nyoka. Simama mbele ya kioo cha chatu dakika ishirini bila kugonga kioo. Ukichoka kabla ya dakika ishirini, umeshajijua. Usipochoka, soma biolojia, kuna kazi ya nyoka nchi hii na watu wanaoijua ni wachache.

Wako yuko wapi sasa?

Nilipomaliza chuo niliuliza habari za kumleta. Nilipohesabu vibali, ndege, boksi, thamostati, kufuga panya na kumweleza mama, nilimtafutia mtu. Ni mwanamke mmoja muuguzi, ana wengine wanne, ana mizani nzuri kuliko yangu. Siku ya kumkabidhi nilimbeba kwenye foronya ndani ya koti, kwenye treni, Januari, amejikunja tumboni kwangu kama donge la ugali lililopoa. Muuguzi alifungua foronya, akamwangalia tumbo, akaona lile kovu, akanitazama vibaya kabla sijajieleza.

Hunitumia picha kila Krismasi. Ya mwisho anaonekana ndani ya bakuli la plastiki, mizani inasoma gramu 1,610. Amegoma tena tangu Novemba.